Faksi Imebaki, Mashine Imeondoka

Kibao cha saiba ya kawaida Eastlands, Nairobi, hakina nafasi iliyobaki. Kodi za KRA, huduma za serikali za eCitizen, mikopo ya HELB, leseni za NTSA, cheti cha tabia njema, fotokopi, kuchapa barua, kuskani, picha za pasipoti. Faksi haimo. Miaka ya 1990 ingeandikwa juu kabisa, karibu na simu za kimataifa, maana katikati ya jiji zilikuwapo biashara zilizojipatia riziki kwa huduma hizo mbili. Leo ni nadra kuikuta mashine yenyewe, hata katika ofisi ambazo barua zao bado zinabeba namba ya faksi chini ya namba ya simu.

Wateja wa faksi hata hivyo hawajaisha. Ziwani, kwa mfano, ni mtaa wa zamani, uliojengwa enzi za ukoloni, jirani ya Kariokor na shule ya Starehe. Kama mitaa yote ya Eastlands, una familia zenye watoto ng'ambo, na karatasi za watoto hao hurudi nyumbani zikiwa na masharti ya huko.

Chukua mfano wa mama aliyekwenda Minnesota kumsaidia bintiye aliyejifungua, akaugua akiwa huko, akalazwa siku chache, kisha akarudi Nairobi. Daktari wake wa hapa anataka kuona vipimo alivyofanyiwa. Hospitali ya Marekani inamtumia fomu ya idhini na maelekezo mafupi: jaza, tia sahihi, rudisha kwa posta au kwa faksi. Posta itachukua wiki kadhaa. Mama anaipeleka fomu saiba.

"Mathe, hawa wanataka faksi," mhudumu anamwambia akiisoma.

"Na mashine mnayo?"

"Hatuna, lakini haina shida. Tutaskani, tuitume na e-mail. Kule itatoka kama faksi."

Mama ana haki ya kutilia shaka maneno hayo, kwa sababu yanasikika kama ahadi ya kumtoa mlangoni. Ila mhudumu amesema kweli tupu. Faksi ya barua pepe ni huduma iliyokomaa zamani, na kwa mkazi wa Ziwani asiye na laini ya simu ya mezani ndiyo njia pekee ya maana iliyobaki.

Ili kuelewa inavyofanya kazi, inafaa kukumbuka kwamba faksi ni simu. Mashine moja huipigia nyingine, kisha zinasalimiana kwa milio: inayopiga hutoa mlio wa mitetemo 1100 kwa sekunde, inayopokea hujibu kwa mlio mkali zaidi wa mitetemo 2100. Zikishapatana kasi, karatasi husomwa mstari kwa mstari. Upana wa karatasi ya A4 hugawanywa nukta 1728, na kila nukta ni nyeusi au nyeupe. Mfuatano wa nukta hizo hubanwa, hugeuzwa sauti, husafiri kwenye waya, na upande wa pili hurudishwa kuwa picha. Kanuni hizi zilipitishwa kimataifa mwaka 1980 na kamati ya Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU. Kwa kuwa hazijaachwa tangu hapo, mashine iliyonunuliwa Ohio mwaka 1985 bado inaelewana na kompyuta iliyotengenezwa mwaka jana.

Faksi ya barua pepe haibadilishi lolote upande wa anayepokea. Inachobadilisha ni upande wa anayetuma. Mhudumu wa saiba huandika barua pepe ya kawaida, lakini mahali pa anwani huweka namba ya faksi ikifuatiwa na jina la mtandao wa kampuni inayotoa huduma. Fomu iliyoskaniwa huambatishwa kama PDF. Seva ya kampuni huipokea, huigeuza kuwa picha ya nyeusi na nyeupe, hupiga ile namba ya Minnesota kwa laini zake yenyewe, husalimiana na mashine ya hospitali kwa milio ile ile, na hutuma. Dakika chache baadaye barua pepe hurudi ikisema kurasa zimefika, au laini ilikuwa na shughuli, au hakuna aliyejibu. Kampuni ya kati ni mkalimani anayejua lugha mbili: upande huu anasoma barua pepe, upande ule anaongea simu.

Kupokea ni njia hiyo hiyo ikigeuzwa. Kampuni humkodishia mteja namba ya simu. Mtu yeyote akiipigia kwa mashine ya faksi, seva hupokea, huhifadhi kurasa kama PDF, na huzipeleka kwenye sanduku la barua pepe la mteja, awe Ziwani au Zanzibar. Aliyetuma hajui na hahitaji kujua kwamba hakuna mashine upande wa pili.

Wazo hili lilizaliwa kabla Nairobi haijapata intaneti ya biashara. Mwaka 1993 Wamarekani wawili, Carl Malamud na Marshall Rose, walianzisha jaribio waliloliita TPC.INT. Mtu aliandika barua pepe akiwa na namba ya faksi ya anayemtumia, tarakimu zimepangwa kinyumenyume ndani ya anwani, zikitenganishwa kwa vituo. Barua ilisafiri bure kwenye intaneti hadi kwa mtu aliyejitolea kuhudumia eneo lenye namba hiyo, na kompyuta yake ikamalizia kwa simu ya karibu. Gharama ya simu ya masafa marefu ilitoweka. Miaka miwili baadaye, mwaka 1995, mwanamuziki Mjerumani Jaye Muller, aliyechoshwa na kupotewa na ujumbe na faksi akiwa ziarani, alianzisha New York kampuni ya JFAX, iliyokuja kumiliki huduma ya eFax. Yale yaliyofanywa na watu wa kujitolea yakawa biashara ya kulipiwa kila mwezi.

Mwaka huo huo intaneti ya biashara ilikuwa inaingia Nairobi kupitia kampuni kama Form-Net na Africa Online. Hii ya pili ilianzishwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Wakati huo faksi ilikuwa mfalme wa mawasiliano ya haraka, na mfalme ghali. Simu za nje zilipita kwa Shirika la Posta na Simu la Kenya, KPTC, lililoundwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, na setilaiti ilifikiwa kupitia kituo cha Longonot kilichofunguliwa mwaka 1970. Faksi ya kwenda London ililipiwa kama simu ya kwenda London. Karatasi ikikwama katikati au laini ikikatika, mteja alianza upya na kulipa upya. Mfanyabiashara wa Kariokor mwenye mnunuzi wa vyondo Ulaya alifikiri mara mbili kabla ya kutuma ukurasa wa pili.

KPTC iligawanywa mwaka 1999, na laini za shaba zikaangukia Telkom Kenya. Kilichofuata Eastlands kinajulikana: nyaya ziliibwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, simu za mkononi zikashika kasi, na laini za mezani zikafa moja baada ya nyingine. Faksi ilikufa nazo. Haiwezi kuhamia tu kwenye simu ya mkononi, kwa sababu mitandao ya simu za mkononi imeundwa kubana sauti ya mtu anayeongea na kutupa vipande ambavyo sikio halivihitaji. Mashine ya faksi huvihitaji vyote. Hata simu ya mezani inayopita kwenye intaneti huiangusha faksi pakiti za data zikipotea njiani, na ndiyo sababu ITU ilitunga mwaka 1998 kanuni maalumu ya T.38 ya kubeba faksi kwenye mitandao hiyo. Kampuni za faksi ya barua pepe hushughulikia matatizo haya kwenye seva zao. Mhudumu wa saiba hahitaji zaidi ya skana, intaneti na akili timamu.

Swali linalobaki midomoni mwa wengi ni kwa nini Wamarekani, pamoja na utajiri wao wote, wanang'ang'ania chombo ambacho Ziwani imekiacha. Sehemu ya jibu iko hospitalini. Sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 inalinda siri za wagonjwa, na ofisi nyingi zilizoea kuiona faksi kuwa salama kisheria huku zikiogopa barua pepe ya kawaida. Serikali ilipotenga fedha mwaka 2009 ili hospitali zihamie rekodi za kompyuta, kila hospitali ilinunua mfumo wake, na mifumo mingi haikuweza kuwasiliana. Kitu kimoja ambacho zote zilikuwa nacho ni namba ya faksi. Ikabaki kuwa daraja kati ya kompyuta na kompyuta, hali inayomkera mtu yeyote mwenye fikra za kiufundi, lakini ndiyo hali.

Uingereza nayo ilishtuka mwaka 2018 pale Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji kilipobaini kwamba hospitali za umma za England zilikuwa na karibu mashine 9,000 za faksi. Waziri wa afya wa wakati huo, Matt Hancock, alipiga marufuku ununuzi wa mashine mpya kuanzia Januari 2019 na kutaka zilizopo ziondolewe ifikapo 31 Machi 2020. Afrika Kusini ilichukua njia nyingine: kampuni za huko ziligawa namba za faksi zinazoanza na 086, ambazo mwenye namba hupokea faksi kwenye barua pepe yake bure, na gharama humwangukia anayetuma.

Hospitali si mlango pekee ambao bado unadai faksi. Upo mwingine unaowagusa vijana wa mitaa hii wanaofanya biashara ya nje, na unastahili kuangaliwa kwa karibu kwa sababu unahitaji faksi ya kwenda na ya kurudi.

Tuseme msanii wa ngozi wa Kariokor amefungua kampuni ndogo Delaware ili awauzie Wamarekani viatu na mikoba moja kwa moja. Benki na mifumo ya malipo itamdai namba ya kodi ya mwajiri, inayotolewa na mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, kwa fomu iitwayo SS-4. Kwenye tovuti ya IRS namba hiyo hupatikana kwa dakika, lakini mlango huo ni wa mwombaji ambaye makao ya biashara yake yako Marekani na ambaye ana namba binafsi ya kodi ya huko. Aliye Nairobi bila namba hiyo amebakiwa na simu, posta na faksi. Kwa posta, IRS yenyewe huwaambia waombaji wategemee wiki 4 au zaidi. Kwa faksi, mwombaji akiandika namba ya faksi ya kumrudishia majibu, makadirio ya IRS ni siku 4 za kazi.

Sharti hilo la namba ya kurudishia majibu ndilo huwaangusha wengi. Kutuma tu hakutoshi, kwa hiyo fundi wetu anahitaji kukodi namba. Namba za Marekani ndizo zinazopatikana kwa urahisi katika huduma hizi, na kwa shughuli ya Marekani ndizo anazozihitaji. Malipo huwa ya kadi. Zamani hilo lingemfungia mtu asiye na akaunti ya benki, lakini tangu Juni 2022 Safaricom ina kadi ya Visa isiyoshikika, M-Pesa GlobalPay, inayotoa pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya M-Pesa.

Anayetaka kutuma kurasa mbili tatu mara moja tu hana haja ya kukodi kitu. Zipo huduma kama FaxZero zinazotuma Marekani na Kanada bure kurasa chache kwa siku, zikiweka tangazo lao kwenye ukurasa wa mbele. Kwa fomu ya mama yule, inatosha. Upande wa huduma za kulipia, tahadhari ya kwanza ni zile wiki za majaribio ya bure: nyingi hutaka kadi tangu siku ya kwanza, na muda ukiisha makato huanza yenyewe. Tarehe ya kufuta usajili iandikwe siku ile ile ya kujisajili.

Kazi yenyewe huharibikia mahali padogo padogo. Pa kwanza ni namba. Faksi ya kwenda Marekani huandikwa kwa tarakimu 1 mbele, kisha tarakimu 10 za namba, bila nafasi wala mabano. Ya kuja Nairobi huanza na 254, kisha 20, na ile sifuri ya 020 huachwa. Tarakimu moja ikikosewa, rekodi za ugonjwa wa mtu zinatoka kwenye mashine ya ofisi asiyoijua, na hakuna njia ya kuzirudisha.

Pa pili ni skana. Wahudumu wengi huacha mashine zao kwenye rangi, kwa sababu vyeti na vitambulisho hupendeza kwa rangi. Faksi haina rangi wala kijivu. Mhuri wa zambarau uliogongwa juu ya sahihi unaweza kufika kama doa moja jeusi lililomeza vyote viwili. Mandhari ya kitambulisho cha taifa, ile michoro myepesi nyuma ya maandishi, huweza kugeuka vumbi linalofunika namba. Maneno ya penseli yanaweza yasifike kabisa. Dawa ni kuskani kwa nyeusi na nyeupe, nukta 200 kwa inchi, kisha kuifungua PDF kwenye skrini kabla ya kutuma. Kinachosomeka hapo kwa nyeusi na nyeupe ndicho kitakachosomeka Minnesota. Sahihi iwe ya kalamu nyeusi, na mhuri ugongwe pembeni.

Pa tatu ni ukurasa wa mbele, ambao watu huuona kama mapambo. Katika hospitali kubwa faksi huweza kutoka kwenye mashine inayotumiwa na idara kadhaa. Bila jina la idara, jina la mgonjwa jinsi lilivyoandikwa kwenye faili la huko, namba ya simu ya anayetuma na idadi ya kurasa, karatasi hiyo ni yatima. Idadi ya kurasa hasa humwezesha anayepokea kujua kama kuna ukurasa uliopotea.

Kisha kuna saa. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 7 au 8 kutegemea msimu, na mbele ya Minnesota kwa saa 8 au 9. Mhudumu anayetuma saa nne asubuhi anapiga laini ambayo, kwa kuwa kule ni usiku, haina foleni. Aliyengoja hadi saa mbili usiku atakuta hospitali iko katikati ya kazi na laini ina shughuli. Kwa upande mwingine, mteja anayetaka kupiga simu kuuliza kama fomu imefika atalazimika kusubiri jioni.

Na inampasa kuuliza, kwa kuwa taarifa ya kufika huthibitisha kwamba mashine imeipokea. Haithibitishi kwamba karani ameisoma. Taarifa hiyo ichapishwe na kuwekwa pamoja na fomu halisi, maana ina tarehe, saa, namba iliyopigwa na idadi ya kurasa. Karani akisema hakuona kitu, mteja ana la kuonyesha.

Kwa shughuli za hapa nchini, mara nyingi hakuna haja ya kufika huko kote. Korti za Nairobi zilianza kupokea kesi kwa mtandao tarehe 1 Julai 2020, na mwaka huo huo Kanuni za Mashauri ya Madai ziliruhusu hati kupelekewa mhusika kwa barua pepe au kwa programu za ujumbe wa simu. Sheria ya mwaka 2020 ya marekebisho ya sheria za biashara ilipanua nafasi ya sahihi za kielektroniki. Mtu anayeambiwa na ofisi ya Nairobi alete faksi aulize kwanza kama barua pepe itakubalika, kwa sababu namba iliyo kwenye barua yao huenda haina mashine iliyounganishwa nayo.

Linaloumiza zaidi katika saiba zetu ni jinsi karatasi za watu zinavyoachwa ovyo. Fomu ya idhini ya hospitali ina jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na wakati mwingine ugonjwa wenyewe. Fomu ya kodi ina namba za biashara. Zikishatumwa, nakala zake huwa zimelala mahali pengi: kwenye folda ya skana, kwenye vipakuliwa, kwenye barua zilizotumwa za akaunti ya saiba, na kwenye seva ya kampuni ya faksi ng'ambo. Anayekaa kwenye kiti hicho baadaye, mwanafunzi anayetafuta fomu ya HELB, anaweza kuzifungua kwa kubofya mara mbili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na haimsamehe mtu kwa sababu biashara yake ni ndogo na iko Ziwani badala ya Upper Hill.

Mteja ana haki ya kutaka faksi itumwe kutoka kwenye barua pepe yake mwenyewe, akasimama pale hadi faili zifutwe na pipa la taka la kompyuta limwagwe, akahakikisha ametoka kwenye akaunti, akainua kifuniko cha skana na kuchukua karatasi yake halisi. Mhudumu mwema hataudhika. Wapo wanaofanya hivyo bila kuombwa, na wateja huwarudia.

Kwa aliyekodi namba ya kupokea, kuna jambo la mwisho la kushughulikia siku anapoamua kuiacha. Kampuni inaweza kumpa mtu mwingine namba hiyo baada ya muda. Hospitali au ofisi ya kodi yenye namba hiyo kwenye faili lake itaendelea kuitumia bila kujua, na barua za fundi wa Kariokor zitafikia sanduku la mgeni. Kabla ya kufuta usajili, kila ofisi iliyopewa namba hiyo iandikiwe kwamba imefungwa na ielezwe majibu yatumwe wapi.